Alamu ya gari ikilia ovyo usiku, wanaoibiwa ni watoto

Ni saa nane usiku, Tabata, Dar es Salaam. Geti limefungwa, mlinzi wa nyumba ya jirani amejiinamia kwenye kiti chake, na paka anaruka kutoka ukutani na kutua juu ya boneti ya Toyota IST iliyoegeshwa mbele ya nyumba ya wapangaji. Gari limerudi muda si mrefu, boneti bado ina joto, ndiyo maana paka anaipenda. Papo hapo gari linaanza kupiga kelele: kwanza mlio mrefu, kisha wa kupanda na kushuka, kisha ule wa kukatakata kama gari la zimamoto.

Mwenye gari anapapasa rimoti chini ya mto na kuibonyeza akiwa dirishani. Kimya. Baada ya dakika ishirini mlio unarudi, na safari hii paka hayupo. Ni lori la mchanga limepita barabarani.

Chumba cha pili, mtoto wa miezi saba ameshtuka na analia. Chumba cha tatu, msichana wa darasa la pili ameketi kitandani akiuliza kama kumekucha. Hakujakucha, lakini hana muda mrefu, maana saa kumi na moja alfajiri lazima aamke ajiandae, basi la shule halimsubiri mtu.

Gari halikuibwa. Kwa mwezi mzima ambao limekuwa likilia hivyo, hakuna mtu aliyethubutu hata kushika kitasa chake. Na hakuna mpangaji ambaye sasa hutoka nje kuangalia.

Hali hiyo inajulikana na wazazi wengi wa mijini. Nyumba za kupanga zimebanana, uwanja ni mmoja, gari linalala hatua chache kutoka dirisha la chumba cha watoto. Magari mengi yanayonunuliwa na familia ni yaliyotumika kutoka Japan, na wengi huyafungia alamu hapahapa nchini, kwa fundi wa mtaani, kwa haraka, wakati mwingine siku ileile gari lilipotoka bandarini. Alamu inafungwa, inajaribiwa mara moja, inalia, mteja anafurahi. Kama inalia kupita kiasi, hilo linagundulika usiku.

Wala si tatizo la Dar peke yake. Mwaka 2003 ripoti moja iliyotolewa New York, Marekani, na watetezi wa haki za watumiaji wa barabara, ilitaka alamu za magari zenye kelele zipigwe marufuku kabisa. Hoja yao kubwa ilikuwa kwamba karibu milio yote ni ya uongo, na watu wakishazoea uongo hawashtuki tena siku ya ukweli. Jiji hilo lina sheria inayoitaka alamu ya gari inyamaze yenyewe ndani ya dakika tatu. Barani Ulaya kiwango cha kimataifa kinachotumika kinataka mlio mmoja usizidi sekunde 30.

Yaani alamu inayolia ovyo haimsaidii hata mwenyewe. Siku mwizi akija kweli, majirani watajifunika shuka.

Kelele kiasi gani?

Ving'ora vingi vya magari vinavyouzwa madukani vimeandikwa nguvu ya desibeli 120 hivi, ikipimwa kwa umbali wa mita moja. Sauti ya nguvu hiyo inakaribia kiwango ambacho sikio huanza kuuma. Kadiri unavyosogea mbali, inapungua: umbali ukiongezeka mara mbili, desibeli sita hivi zinatoka. Kwa hiyo dirisha lililo mita nane kutoka kwenye gari bado linapokea zaidi ya desibeli 100. Toa nyingine 20 kwa ajili ya boneti iliyokifunika king'ora, ukuta na pazia. Kitandani kwa mtoto zinabaki 80 na ushee, na hapo dirisha la wavu lenye nondo, ambalo kwa joto la Dar halifungwi usiku, limehesabiwa kwa ukarimu mkubwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 1999 unasema kelele moja ya ghafla ndani ya chumba cha kulala isizidi desibeli 45 hivi ili usingizi usivurugike. Na desibeli hazihesabiwi kama shilingi. Kila kumi zinapoongezeka, sikio husikia kama sauti imekuwa kubwa mara mbili. Kutoka 45 hadi 80 ni mbali sana.

Wazazi wengine hujifariji kwamba mtoto wao hasikii, analala kama gogo. Ni kweli kwamba watoto wenye umri wa kwenda shule, wakiwa kwenye usingizi mzito, ni wagumu kuamka, na majaribio ya ving'ora vya moto yameonyesha wengine wanaendelea kulala huku kengele inalia juu yao. Lakini kutoamka si sawa na kutoguswa. Mlio wa ghafla hupandisha mapigo ya moyo na kuamsha homoni za msongo hata kwa mtu ambaye asubuhi hakumbuki kusikia chochote. Usingizi hutoka kwenye uzito na kurudi kwenye wepesi, na kazi uliyokuwa ukifanya mwilini inakatika. Usingizi mzito ndio wakati mwili wa mtoto unapotoa homoni ya ukuaji kwa wingi. Ule wa kuelekea alfajiri, wenye ndoto nyingi, unahusika na kumbukumbu ya aliyojifunza na utulivu wa hisia zake. Mzazi aliyewahi kumwandaa kwenda shule mtoto ambaye hakulala vizuri hahitaji kuelezwa hiyo hisia ya mwisho ina maana gani.

Kwa watoto wachanga hali ni nyingine. Mizunguko yao ya usingizi ni mifupi, ya saa moja hivi au chini yake, na mwisho wa kila mzunguko wako karibu kuamka. Mlio ukiangukia hapo, umemaliza kila kitu.

Hesabu ya usingizi yenyewe haina nafasi ya kupotezwa. WHO inashauri mtoto wa miezi minne hadi kumi na moja apate saa 12 hadi 16 kwa siku, pamoja na za mchana. Wa mwaka mmoja hadi miwili, saa 11 hadi 14. Wa miaka mitatu na minne, saa 10 hadi 13. Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanasema wa miaka sita hadi 12 apate saa tisa hadi 12. Sasa mchukue yule msichana wa darasa la pili. Akilala saa tatu usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri, amepata saa nane kamili. Hapo gari halijalia. Ameanza usiku akiwa na deni la saa nzima, na alamu inamwongezea nusu saa au zaidi ya kugeukageuka. Ndiyo maana walimu wanawapata wanafunzi wanaosinzia kipindi cha pili.

Gari linalia kwa nini?

Watu wengi humlaumu paka. Paka ana kesi, lakini mara nyingi si mshtakiwa namba moja.

Alamu ya kufungwa na fundi huwa na vitu vichache: kisanduku cha akili, king'ora chini ya boneti, swichi za milango, buti na boneti, na kihisi cha mtikisiko, kile ambacho mafundi wanakiita sensa. Chochote kati ya hivyo kikidanganya, kisanduku kinaamini kuna mwizi.

Kihisi cha mtikisiko ni kiboksi kidogo kinachofichwa chini ya dashibodi, mara nyingi kikiwa na taa ndogo moja au mbili na tundu lenye skrubu ndogo. Skrubu hiyo ndiyo inayoamua gari liwe jepesi kiasi gani wa kushtuka. Mafundi wengi huiacha juu, kwa sababu mteja hupenda kuona gari linalia likiguswa kwa kidole. Ikiwa juu hivyo, radi inatosha, bodaboda yenye bomba lililotobolewa inatosha, embe likianguka juu ya paa ndiyo usiseme. Dawa yake ni kuirudisha chini kidogokidogo. Upande wa kuzungusha hutofautiana kati ya alamu moja na nyingine, kwa hiyo robo ya mzunguko kwanza, kisha gari lifungwe, lisubiriwe dakika moja mpaka alamu ijiweke tayari, ndipo dirisha ligongwe kwa kiganja. Kigongo cha kawaida kisilete kelele, au kilete mlio mdogo wa onyo tu. Kigongo cha nguvu, kama cha mtu anayetaka kuvunja kioo, kilete mlio kamili. Kazi hii haizidi nusu saa. Ifanywe mchana, majirani wakiwa wameambiwa, na watoto wakiwa mbali na boneti. Mtoto anayependa kusimama karibu na fundi asiwe nusu mita kutoka kwenye king'ora kinachojaribiwa. Fundi mzuri huchomoa waya wa king'ora au hukifunga kitambaa kizito na kufuata taa badala ya sauti.

Kiboksi hicho pia kinaweza kuwa kimelegea. Kikining'inia kwa waya badala ya kubanwa vizuri, hakuna skrubu itakayosaidia.

Swichi ya boneti ndiyo inayosahaulika zaidi. Ni kijiti kidogo chenye springi, kinachobonyezwa boneti inapofungwa. Kinakaa mahali penye vumbi, maji ya mvua, joto la injini, na kwa miji ya pwani, hewa ya chumvi. Kikishika kutu au kupinda, boneti iliyofungwa inahesabika imefunguliwa. Gari la namna hii hulia bila sababu inayoonekana, usiku mtulivu, hakuna paka wala lori. Kusafisha ni bure na kubadilisha ni gharama ndogo. Swichi za milango nazo huchoka, hasa ule mlango wa nyuma ambao watoto huubamiza kila siku wakitoka shule.

Kisha kuna betri. Betri nzima, gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, husoma volti 12.6 hivi. Ikishuka kuelekea 12.2 imebaki nusu. Baadhi ya alamu hutafsiri kushuka kwa umeme kama mlango uliofunguliwa na kuwasha taa ya ndani, zinalia. Zinazopima umeme hivyo zinaweza hata kudanganywa na feni ya rejeta inayoendelea kuzunguka baada ya injini kuzimwa. Dalili ya betri ni kwamba tatizo huja gari likikaa siku mbili tatu bila kuendeshwa, na asubuhi injini inawaka kwa uvivu. Vichwa vya betri vyenye ukungu mweupe navyo visafishwe na kukazwa kabla ya kununua betri mpya.

Baadhi ya ving'ora vina betri yake ndogo ndani, ili mwizi akikata umeme wa gari kiendelee kulia. Betri hiyo ikizeeka, king'ora huanza kujiendea chenyewe. Na hapa kuna mtego: baba wa watu, usiku wa manane, hasira zimempanda, anafungua boneti na kuchomoa betri ya gari ili kukomesha kelele. King'ora cha namna hiyo ndipo kinapofikia kilele chake. Vingi vina tundu la funguo ndogo la kukizima, na funguo hiyo huwa imepotea tangu siku ya kwanza.

Magari yenye kihisi cha mwendo wa ndani yana sababu nyingine: kioo kilichoachwa wazi kidogo, puto la sherehe ya mtoto lililobaki kiti cha nyuma, pambo linaloning'inia kwenye kioo cha katikati. Mende pia wamo.

Kumjua mshtakiwa hakuhitaji utaalamu mkubwa. Mwenye gari aandike kwa wiki moja saa ambayo alamu ililia, kulikuwa na mvua au la, nini kilipita, gari lilikuwa limekaa muda gani. Ikilia lori likipita, ni kihisi. Ikilia katika ukimya, ni swichi au betri. Alamu nyingi pia hujisema zenyewe: ukizifungua kwa rimoti baada ya kulia, hutoa milio ya ziada au taa ya dashibodi huwaka mara kadhaa, na idadi hiyo humwonyesha fundi ni eneo gani lililoshtuka. Karatasi yenye maelezo hayo ilikuja kwenye boksi la alamu. Kwa waliotupa boksi, fundi aliyeifunga ndiye wa kuulizwa kwanza.

Aulizwe na mambo mengine mawili. Kwanza, kitufe cha siri cha kuzima alamu kiko wapi. Pili, ni vitufe gani vya rimoti vinavyofunga gari huku kihisi cha mtikisiko kimezimwa. Alamu nyingi zina njia hiyo. Milango inabaki imelindwa, lakini paka yuko huru. Kwa gari linalolala ndani ya geti lenye mlinzi, hiyo peke yake inaweza kumaliza ugomvi usiku uleule, wakati fundi anasubiriwa.

Mtoto akishaamka

Alamu ikishamwamsha mtoto, kinachofuata kiko mikononi mwa mzazi, na wengi hukosea kwa nia njema. Taa inawashwa, simu inawashwa, mtoto anaonyeshwa katuni ili atulie. Mwanga na picha humwambia ubongo kwamba ni mchana. Afadhali giza libaki, sauti iwe ya chini, mgongo upapaswe, na maelezo yawe mafupi: ni gari, limenyamaza, lala. Mtoto mwenye hofu akumbatiwe mpaka atulie, lakini arudi kitandani kwake. Mchanga anayenyonya usiku anyonyeshwe kama ilivyo kawaida yake. Aliyekwisha kuacha kunyonya usiku asirudishwe huko kwa sababu ya gari la jirani.

Asiwekewe pamba wala vizibo masikioni. Mtoto mdogo huvitoa na kuviweka mdomoni, na vinaweza kumkaba. Feni inayovuma kwa sauti moja husaidia kufunika kelele ndogondogo, ingawa mbele ya king'ora haiwezi kitu. Kesho yake, kama inawezekana, apate usingizi wa mchana, na jioni alale mapema kidogo.

Kuna alamu nyingine zinazoanzishwa na watoto wenyewe, kwa sababu funguo za gari ni mwanasesere wa bei rahisi kuliko wote. Mtoto anapewa rimoti anyamaze, anabonyeza kitufe chekundu, mtaa mzima unajua. Kelele si hatari kubwa hapo. Rimoti nyingi zina betri ndogo ya mviringo, nyembamba kama sarafu, na mfuniko wake ukilegea betri huishia mdomoni. Ikikwama kooni inaweza kuunguza njia ya chakula ndani ya saa mbili tu, hata kama mtoto mwanzoni anaonekana mzima. Mzazi anayeshuku mtoto amemeza betri asimtapishe wala asisubiri itoke. Aende hospitali saa hiyohiyo na aseme wazi kuwa ni betri.

Kumwambia jirani

Wengi husubiri mpaka wachoke, kisha wanatoka saa nane usiku na maneno ambayo hayarudi mdomoni. Mwenye gari naye ameamka na aibu, hivyo anajibu kwa ukali, na kuanzia hapo ugomvi unahusu heshima, si alamu tena. Wakati mzuri ni jioni, kabla ya chakula, hodi ikipigwa kwa utaratibu. Anayekwenda awe na mambo mahususi: imelia saa ngapi, mara ngapi, mtoto ana umri gani, anaamka saa ngapi. Mara nyingi mwenye gari hajui ukubwa wa jambo. Kama chumba chake kiko nyuma na feni inazunguka, huenda yeye ndiye anayesikia kidogo kuliko wote. Na kuna madereva wanaosafiri na kuacha gari limefungwa huku rimoti ikiwa Morogoro. Hao waombwe waache rimoti kwa mtu wanayemwamini.

Mazungumzo yakishindikana kuna mwenye nyumba, mjumbe wa shina na ofisi ya serikali ya mtaa, ambako mashauri ya majirani husikilizwa kila siku. Tanzania pia ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambazo kwa maeneo ya makazi ni kali zaidi usiku kuliko mchana. Lakini mlango wa jirani uko karibu zaidi.

Pale Tabata ilikuwa hivyo. Mama wa msichana wa darasa la pili alibisha hodi Jumamosi jioni, na siku mbili baadaye fundi alikuja. Alirudisha skrubu ya kihisi chini kwa robo mbili, kisha akafungua boneti na kukuta kijiti cha swichi kimeota kutu na kupinda upande mmoja. Akakibadilisha, akakaza vichwa vya betri, akamwonyesha mwenye gari vitufe vya kuzima kihisi usiku. Dirisha likagongwa, mlio mdogo ukatoka, watoto wakacheka.

Paka bado analala juu ya boneti. Mwenye gari anasema kucha zake zinachuna rangi, na sasa anatafuta turubai.